UZI: India inavuna kuliko wakati wowote, lakini kaya ya mkulima inaishi kwa kibarua. Tusome takwimu zao pamoja

#1 Pepeta (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila serikali ya India ikitoa takwimu za kilimo, kinachotufikia huku ni kichwa kimoja tu cha habari: mavuno yamevunja rekodi. Na kweli yamevunja. Msimu wa 2024/25 nafaka na mikunde kwa pamoja zilipita tani milioni 350. Mwaka 1950/51 zilikuwa kama tani milioni 51. Nchi ambayo miaka ya 1960 ilisubiri meli za ngano ya msaada kutoka Marekani, leo hakuna anayeizidi duniani kwa kuuza mchele nje. Hilo ni jambo kubwa na sitaki mtu alibeze humu.

Ila kuna takwimu nyingine zinatoka serikali hiyo hiyo na hazipigiwi ngoma. Ni zile za kaya: nani ana ardhi kiasi gani, anapata nini kwa mwezi, anadaiwa kiasi gani, anakula nini. Nimekuwa nikizifuatilia kwa muda na ninaamini mtu akisoma za tani bila za kaya, anaondoka na India ambayo haipo.

Tuanze na ule utafiti wa hali ya kaya za wakulima uliofanyika 2019, ukachapishwa Septemba 2021. Unaangalia mwaka wa kilimo wa Julai 2018 hadi Juni 2019. Kwa wastani kaya ya mkulima iliingiza rupia 10,218 kwa mwezi. Sasa angalia zinatoka wapi:

Ujira na mishahara, 4,063.
Mazao, baada ya kutoa gharama, 3,798.
Mifugo, 1,582.
Biashara ndogondogo nje ya shamba, 641.
Kukodisha ardhi, 134.

Maana yake kaya iliyoandikwa kwenye daftari kama ya mkulima inaingiza zaidi kwa kuajiriwa na kufanya vibarua kuliko kwa kuuza mazao yake. Utafiti wa kabla yake, wa 2012/13, ulikuwa kinyume: mazao rupia 3,081, ujira 2,071. Katika miaka kama sita hivi shamba limeachia nafasi ya kwanza, na ni miaka ambayo ghala la taifa lilikuwa linazidi kujaa.

Na huo ni wastani wa nchi nzima. Punjab kaya ilipata 26,701, Jharkhand 4,895. Ukisema "mkulima wa India" bila kutaja jimbo, bado hujasema kitu.

Kwa nini iko hivyo? Jibu la kwanza ni ardhi. Sensa ya kilimo ya 1970/71 ilikuta mashamba milioni 71, wastani hekta 2.28. Ya 2015/16 ikakuta mashamba milioni 146, wastani hekta 1.08. Baba anagawa kwa wanawe, wanawe wanagawa kwa wao. Asilimia 86 ya mashamba yote yako chini ya hekta 2. Bihar wastani ni hekta 0.39, yaani hata ekari moja haifiki. Hapo hata ulime kwa mbegu bora na mbolea ya kutosha, hesabu ya mwaka mzima haitoki. Lazima mmoja wa nyumbani apande treni kwenda kutafuta kazi.

Karibuni. Nitaongeza vipande kadiri maswali yanavyokuja.

#2 Msomahesabu

Asante kwa uzi mkuu. Maswali mawili. Hizo rupia kwa pesa yetu ni kiasi gani? Na huyo "mkulima" wao wanamhesabuje? Maana ukijumlisha na mtu mwenye kuku watatu na mchicha nyuma ya nyumba, wastani lazima ushuke.

#3 Pepeta

Rupia moja imekuwa ikizunguka shilingi 30 hivi za Kitanzania, kwa hiyo elfu kumi na kitu ni kama laki tatu kwa mwezi. Na hiyo ni ya kaya nzima, baba, mama, wazee na watoto.

La pili ni zuri sana. Kwenye utafiti ule, kaya ya mkulima ni ile iliyopata mazao au mifugo ya thamani ya zaidi ya rupia 4,000 kwa mwaka, na angalau mtu mmoja ndani yake alikuwa amejiajiri kwenye kilimo, iwe ndiyo kazi yake kuu au ya pembeni. Kwa hiyo ndiyo, kizingiti kiko chini, wadogo sana wameingia. Walipatikana kama kaya milioni 93. Lakini kibarua asiye na shamba kabisa, anayepalilia na kuvuna kwa watu, hayumo. Ukimtia na yeye picha haiwi nzuri zaidi.

Nikiwa hapo hapo: nusu ya kaya hizo, asilimia 50.2, zilikuwa na deni, na wastani wa deni ukigawa kwa kaya zote ni rupia 74,121. Hiyo ni zaidi ya mapato ya miezi saba. Kuna deni la benki lenye riba nafuu na kuna la mkopeshaji wa kijijini, na mwenye ardhi ndogo ndiye anayeishia kwa mkopeshaji, kwa sababu benki inataka hati na mpangaji wa shamba hana hati.

Serikali inawatumia wenye ardhi rupia 6,000 kwa mwaka, mara tatu elfu mbili mbili, moja kwa moja benki, tangu 2019. Inafika, na watu wanaishukuru. Ila igawe kwa miezi kumi na miwili: 500. Na mpangaji wa shamba hapo tena hapati, maana orodha inafuata daftari la ardhi.

#4 Kalamu Nyeusi

Mkuu nakuheshimu, ila takwimu za serikali ni za serikali. Wakitaka mavuno yapande yanapanda. Wakitaka umaskini ushuke unashuka. Utajuaje?

#5 Pepeta

Kalamu Nyeusi, wasiwasi wako una msingi, na India yenyewe imetoa mfano. Ule utafiti wa matumizi ya kaya wa 2017/18 ulishafanyika, na Novemba 2019 serikali ikatangaza kwamba haitautoa, kwa madai kuwa data zina kasoro. Magazeti yalikuwa yameshapata matokeo yanayoonyesha matumizi ya vijijini yameshuka. Kwa hiyo kutoka 2011/12 mpaka 2022/23 nchi ya watu zaidi ya bilioni moja ilikaa bila kipimo rasmi cha matumizi ya kaya. Na sensa ya watu iliyopaswa kufanyika 2021 haikufanyika. Sasa imepangwa 2027. Kila sampuli wanayochukua leo inategemea hesabu ya watu ya 2011. Hayo ni makosa makubwa na wasomi wao wenyewe wameyasema hadharani.

Lakini nikuonyeshe upande wa pili, mavuno yanapimwaje. Hawaulizi tu mkulima "umepata magunia mangapi". Wanateua kijiji kwa bahati nasibu, kisha namba ya shamba kwa bahati nasibu. Siku ya kuvuna karani anafika na futi kamba, vigingi na kamba. Anatafuta kona ya kuanzia kwa kutumia namba alizopewa, ili asichague mahali palipostawi. Anapima mraba, kwenye majimbo mengi ni mita 5 kwa 5, anazungushia kamba, na kila shina lililo ndani linakatwa peke yake. Linapigwa hapo hapo, linapepetwa, linapimwa uzito. Kiasi kidogo kinakaushwa na kupimwa tena kujua unyevu umeondoka kiasi gani. Hekta moja ina miraba 400 ya namna hiyo, basi kosa la gramu chache kwenye mizani linakuwa kilo kwa hekta na maelfu ya tani kwa jimbo.

Mbishano juu ya mraba huo una historia. P. C. Mahalanobis, aliyeanzisha taasisi ya takwimu ya Calcutta mwaka 1931, alitaka vipande vidogo na vingi. P. V. Sukhatme akasema vipande vidogo vinadanganya, kwa sababu mpimaji huvutia ndani mashina ya ukingoni na mavuno yanaonekana makubwa kuliko yalivyo. Yaani hofu yako wewe leo, wao waliibishania kwa kanuni za hesabu kabla hata wengi wetu hatujazaliwa.

Na kitu kimoja ninachokiheshimu: data za kaya mojamoja, bila majina, zinawekwa wazi. Mwanafunzi yeyote anaweza kuzichukua na kupiga hesabu upya. Ukidhani serikali imepamba, una pa kuanzia kubisha.

#6 Bi Shamba

Nimesoma yote, ahsante kwa kutufafanulia. Mimi naomba uje kwa wanawake. Niliona mahali kwamba wanawake wa vijijini India wameingia kazini kwa wingi, ikasifiwa kama maendeleo makubwa.

#7 Pepeta

Bi Shamba, umegusa penyewe. Utafiti wao wa nguvukazi unasema hivi: mwaka 2017/18, katika wanawake wa vijijini wenye miaka 15 na zaidi, asilimia 24.6 walihesabiwa kuwa kwenye nguvukazi. Mwaka 2023/24 ikawa 47.6. Karibu mara mbili kwa miaka sita. Ukiishia hapo unapiga makofi.

Sasa uliza wanafanya kazi gani. Kati ya wanawake wa vijijini wanaofanya kazi, asilimia 76.9 wako kwenye kilimo, na mwaka 2017/18 ilikuwa 73.2. Na kama asilimia 42 wameandikwa "wasaidizi kwenye shughuli ya kaya", maana yake wanafanya kazi kwenye shamba au duka la familia na hawalipwi. Yule anayeamka alfajiri kukata majani ya nyati, kukamua, kupalilia, halafu maziwa yanauzwa kwa jina la mume, ndiye aliyeongeza hiyo asilimia.

Sisemi haina maana. Kuhesabiwa ni hatua, miaka mingi kazi hiyo ilikuwa haionekani kabisa, na sehemu ya ongezeko ni kwamba wanaohoji sasa wanauliza vizuri zaidi. Ila kuna kuhesabiwa na kuna kulipwa. Na kwenye ardhi, mashamba yanayoendeshwa na wanawake ni karibu asilimia 14 tu ya mashamba yote kwenye sensa ya 2015/16.

Jambo hilo linaungana na lingine kubwa. Nchi zinapokua kiuchumi watu hutoka shambani kwenda viwandani na kwenye huduma. India ilikuwa kwenye njia hiyo: wafanyakazi waliokuwa kwenye kilimo walishuka hadi asilimia 42.5 mwaka 2018/19. Halafu Machi 2020 nchi ikafungwa kwa korona, na taarifa ilitolewa saa nne tu kabla, na wote tuliona picha za watu wanatembea kwa miguu mamia ya kilomita kurudi makwao. Mwaka 2020/21 ikapanda hadi 46.5. Wengi tulidhani ni ya muda. Mwaka 2023/24 bado ilikuwa 46.1. Walirudi, na shamba likaendelea kuwabeba.

Karibu nusu ya wafanyakazi wamebanana kwenye sekta inayotoa kati ya asilimia 16 na 18 ya pato la taifa. Mtu akiniuliza takwimu moja ya kuondoka nayo kwenye uzi huu, nampa hiyo.

#8 Msomahesabu

Hapo kwenye 46 na 16 nimekuelewa kuliko popote. Lakini mkuu, hakuna hata kitu kimoja kilichopanda? Maana nilikuwa nasikia umaskini umepungua sana.

#9 Pepeta

Kimepanda, na ni haki kukisema. Utafiti wa matumizi uliorudi 2022/23 na kufuatiwa na wa 2023/24 unaonyesha mtu wa kijijini alitumia wastani wa rupia 4,122 kwa mwezi mwaka 2023/24, kutoka 3,773 mwaka mmoja kabla. Wa mjini 6,996. Mwaka 2011/12 mtu wa mjini alikuwa anamzidi wa kijijini kwa asilimia 84. Sasa ni karibu 70. Pengo limepungua.

Na angalia chakula. Mwaka 1999/2000 kaya ya kijijini ilikuwa inatumia asilimia 59 ya fedha zake kwa chakula. Sasa ni 47. Kwa mtu aliyewahi kuishi maisha ambayo kila senti inaishia sokoni, anajua asilimia 12 ni nini: ni ada, ni dawa, ni simu, ni nauli. Pia watu kama milioni 813 wana haki ya kilo tano za nafaka bure kila mwezi, na mpango huo uliongezwa kwa miaka mitano kuanzia Januari 2024. Ghala lililojaa limefika sufuriani, hilo wamelifanya.

Ila ukiwa na nchi ambayo watu milioni 813 wanastahili nafaka ya bure, huwezi wakati huo huo kutuambia kijiji kimeshajitosheleza. Vyote viwili viko kwenye karatasi za serikali ile ile.

#10 Kalamu Nyeusi

Sawa, hoja ya data wazi nimeikubali. Sasa nieleze, Punjab imetajirikaje na Bihar ikabaki? Si wote wanapewa bei ya serikali?

#11 Pepeta

Bei ya chini inatangazwa kwa mazao zaidi ya 20 na ni ya nchi nzima. Ngano ya msimu uliouzwa 2025 ilikuwa rupia 2,425 kwa kwintali, yaani kilo mia. Lakini kutangaza bei ni jambo moja, na kuwa na mnunuzi wa serikali anayekusubiri mnadani ni jingine. Punjab na Haryana wana minada, mizani, maghala na mawakala waliojengwa tangu Mapinduzi ya Kijani ya miaka ya 1960, zilipoingia mbegu bora, mbolea na umwagiliaji. Mkulima wa Bihar anasikia bei hiyo redioni na kumuuzia mfanyabiashara anayekuja mlangoni, chini ya hapo. Kamati ya Shanta Kumar mwaka 2015 ilikuta ni asilimia 6 tu ya wakulima wanaouza kwa wakala wa serikali kwa bei hiyo.

Hapo utaelewa kwa nini wakulima waandamanaji waliokaa barabarani Singhu na Tikri kuizingira Delhi kuanzia Novemba 2020 wengi walitoka Punjab na Haryana. Wao ndio walikuwa na cha kupoteza. Walikaa mwaka mzima, baridi na joto, mpaka Novemba 2021 serikali ikatangaza kuzifuta zile sheria tatu za soko la mazao walizokuwa wanazipinga, wakihofia zitaua ununuzi huo wa serikali.

Na utajiri huo wa Punjab una bei yake. Umeme wa kusukuma maji ni bure kwa mkulima, mpunga unanunuliwa kwa uhakika, basi kila mtu analima mpunga kwenye jimbo ambalo kwa asili halikuwa la mpunga. Wanavuta maji ya ardhini kuliko mvua inavyorudisha, zaidi ya mara moja na nusu, kwa mujibu wa bodi yao wenyewe ya maji ya ardhini. Kila baada ya miaka kadhaa kisima kinachimbwa chini zaidi, na anayeweza kulipia kuchimba ni mwenye shamba kubwa.

Nimeahirisha hili kwa sababu ni zito. Takwimu za polisi za 2023 zinaonyesha watu 10,786 wa sekta ya kilimo walijiua mwaka huo. Wakulima 4,690, vibarua wa mashambani 6,096. Jimbo la Maharashtra peke yake ni zaidi ya theluthi moja. Vibarua wamewazidi wenye mashamba, na wao ndio wasiotajwa kwenye mjadala wowote wa bei, kwa sababu hawana cha kuuza zaidi ya mikono yao.

Kwa kibarua huyo, kimbilio lilikuwa sheria ya 2005 iliyompa kila kaya ya kijijini haki ya siku 100 za kazi kwa mwaka. Mwaka wa korona kaya zaidi ya milioni 75 zilifanya kazi chini ya mpango huo. Kwa wastani kaya ilikuwa inapata kama siku 50, nusu ya ilichoahidiwa. Desemba 2025 Bunge likapitisha sheria mpya kuchukua nafasi yake, yenye siku 125, ila majimbo sasa yanabeba sehemu kubwa zaidi ya gharama. Jimbo maskini litapata wapi hiyo sehemu? Mimi macho yangu yako hapo, na nitaleta takwimu zikianza kutoka.

#12 Mdau wa Galapo

Wakuu, mimi ni mkulima wa mbaazi huku Babati, nimefuata uzi kimya. Mwaka 2017 tulilia huku. Mbaazi zimejaa stoo, mnunuzi hakuna, tukaambiwa India imefunga. Nataka kujua, hizi takwimu zenu zinanisaidiaje mimi kabla sijapanda?

#13 Pepeta

Pole sana Mdau, na karibu. Swali lako nimelifurahia.

Kilichotokea ni hiki. Mwaka 2015 na 2016 mikunde ilipanda bei sana India, mvua zilikuwa mbaya. Serikali yao ikahimiza wakulima wapande, ikaongeza bei ya chini, na mavuno ya 2016/17 yakawa makubwa. Bei kwao ikaanguka, basi Agosti 2017 wakaweka ukomo wa kuagiza mbaazi, tani 200,000 kwa mwaka. Msumbiji walikuwa na mkataba wa serikali kwa serikali tangu 2016, wakapata mlango wao. Sisi hatukuwa nao. Mei 2021, bei ilipopanda tena, wakafungua. Mlango ule unafunguliwa na kufungwa kwa bei ya dengu na mbaazi kwenye sufuria ya Delhi na Mumbai.

Wao wanapanda mbaazi mvua za Juni na Julai zikianza, na kuvuna kuanzia Desemba. Zako zinaingia sokoni kuanzia Agosti. Kwa hiyo unauza wakati zao bado ziko shambani, na hapo ndipo unapata nafasi. Wizara yao ya kilimo hutoa kila wiki, msimu wa kupanda, eneo lililokwisha pandwa kwa kila zao na kulilinganisha na mwaka uliopita. Ukiona Julai na Agosti eneo la mbaazi limezidi la mwaka jana kwa mbali, na mvua ni nzuri Karnataka na Maharashtra, usikae na mzigo stoo ukisubiri Desemba. Ukiona limepungua, una sababu ya kumwambia mnunuzi wa kwanza asubiri.

Kabla ya kupanda, angalia tarehe ya mwisho ya ruhusa yao ya kuagiza bila ushuru. Wamekuwa wakiiongeza kwa vipindi, mara nyingi mpaka mwisho wa Machi. Kama hujaona tangazo la kuongeza, usiweke shamba zima mbaazi.

#14 Mdau wa Galapo

Nimekuelewa. Hizo za kila wiki uziweke humu ikifika Juni, niwasomee na wenzangu wa AMCOS, chama chetu cha ushirika.

#15 Pepeta

Nitaziweka humu humu, za Karnataka na Maharashtra kwanza.